Blanketi Lililofungwa Kila Siku

Kila Orrin Skaar alipokwisha kula chakula cha mchana, usingizi ulimchukua palepale kwenye kiti chake cha dirishani, mdomo wazi, mikono juu ya blanketi. Mkewe Lavonne alisubiri mpaka mikoromo ikolee. Kisha alilivuta lile blanketi taratibu kutoka mapajani pa mumewe, akaenda nalo jikoni, akatoa kwenye droo uma mdogo wenye meno mawili membamba, ule wa kuchomolea matango ya siki kwenye chupa. Aliingiza meno katikati ya fundo, akalitikisa mpaka likalegea, akalivuta likaachia, akahamia la pili. Mafundo yote aliyoyafunga mumewe tangu asubuhi aliyafungua kabla hajaamka. Akimaliza alilikung'uta blanketi, akalirudisha mapajani pake, akaenda kuosha vyombo.

Hakuifanya kazi hiyo kwa furaha wala kwa majuto. Tangu theluji ya kwanza moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakuwa akilia, hakuwa akikasirika, na chakula alikila kwa sababu kilikuwa mezani. Mchungaji alipomuuliza mlangoni mwa kanisa anaendeleaje, alijibu, "Tuko sawa tu," na kwa upande wake hakuona kama amesema uongo, maana hakuwa akihisi kitu chochote cha kumfanya aseme vingine.

Watu wa mabonde haya ya magharibi ya Wisconsin ndivyo walivyo. Nyumba yao ikiwaka moto utawakuta uani wanasema si mbaya sana, wapo wenye shida kubwa zaidi. Kumsumbua jirani kwao ni dhambi iliyosahauliwa tu kuandikwa pamoja na zile amri kumi. Lavonne alizaliwa katika ukaidi huo, na kufikia miaka sabini na ushei alikuwa fundi wake. Alikuwa binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akaolewa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kilima cha pili, akapika katika shule ya kijiji cha Elvestad mpaka walipomstaafisha. Yeye na Orrin hawakusafiri kwenda popote, kwa kuwa ng'ombe hana Jumapili. Walipata mtoto mmoja, Renae, akasoma, akahamia Madison. Magoti ya Orrin yalipokataa kazi waliwauza ng'ombe wote kwa siku moja. Lori lilipoondoka Orrin alilifagia banda zima, akafunga mlango, akaingia ndani akaomba kahawa. Haukupita muda mrefu akili yake ikaanza kuvuja.

Mablanketi yaliletwa na kanisa. Kila mtoto wa kata yao aliyelazwa hospitalini alipelekewa moja, na yalitengenezwa na wanawake wa Kilutheri waliokusanyika jikoni kwa huyu au kwa yule. Hayakuwa na sindano wala cherehani. Unachukua vipande viwili vya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi ambacho ukikikata hakitoi nyuzi, kimoja cha picha na kingine cha rangi moja. Unavilaza mgongo kwa mgongo, unakata pembe nne, kisha unachanja matamvua pande zote, kila tamvua upana wa kidole na urefu wa kiganja. Baada ya hapo kazi ni kufunga tu, tamvua la juu na mwenzake wa chini, mpaka umezunguka. Ardys Tollefsrud, mwenyekiti wa wanawake hao na rafiki wa Lavonne tangu darasa la kwanza, alikuwa mshonaji hodari na aliyadharau mablanketi hayo waziwazi. Alisema ni kazi ya watu wasiojua kushona na wasiotaka kukaa bure wakati wa kusengenya.

Siku moja walipokutana kwa Lavonne, Orrin alitoka sebuleni, akavuta kiti, akajishikia upande wake na kuanza kufunga.

"Haya, tumepata mwanamke mwingine," Ardys akasema. "Karibu, shemeji. Huyu angalau hatasengenya mtu."

"Sisengenyi kwa sababu hamnipi nafasi," Orrin akajibu, na wote wakacheka, maana kipindi hicho siku zake nzuri bado zilikuwa nyingi.

Tatizo lake lilikuwa fundo. Maisha yake yote alikuwa amefunga marobota ya nyasi kwa kamba ya katani, na vidole vyake vilijua fundo moja tu, lile la kuzungusha mara mbili na kukaza kwa kidole gumba, ambalo hata farasi halifungui. Blanketi likifungwa hivyo linakunjamana kingo zote na kugeuka bakuli. Ilibidi Lavonne amfundishe upya, fundo moja jepesi, vuta kidogo, acha. Alijifunza. Akawa anafunga kila siku, hata wanawake wakiwa hawapo, na mablanketi ya kanisa yakaanza kutoka nyumbani kwa Skaar kama mikate.

Kilichokuwa kikimharibia ni saa ya kukamua. Ilipokaribia alfajiri au jioni kitu ndani yake kilimwamsha, akavaa viatu, akaenda bandani, akakuta hakuna ng'ombe. Mtu mwingine angerudi. Yeye alitoka kwenda kuwatafuta. Mara ya kwanza askari wa wilaya alimkuta kwenye barabara kuu, anatembea katikati ya mstari. Mara ya pili ilikuwa theluji, naye alikuwa amevaa ndara za chumbani na ameshika ndoo. Lori la maziwa lilimkwepa kwa hatua chache.

Renae alikuja kutoka Madison siku hiyohiyo. Aliketi mezani bila kuvua koti.

"Mama, siwezi kupokea simu nyingine kama ile."

"Hakuumia."

"Safari hii. Sikiliza, nimeongea na ile nyumba ya wazee kule mjini. Wana upande wa watu kama Baba, milango inafunguliwa kwa namba. Nafasi ipo."

"Baba yako hajawahi kulala kitanda kisicho chake."

"Najua." Renae alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama watu wa huku wanavyofuta macho. "Basi tukubaliane. Akitoka tena barabarani, mara moja tu, anakwenda. Hutabishana na mimi?"

"Sitabishana."

Lavonne alikubali kwa sababu aliona ni haki. Baada ya hapo alikuwa na jambo moja tu duniani, kumweka Orrin kwenye kiti. Na akagundua kwamba akiwa na mafundo ya kufunga, saa ya kukamua ilipita juu ya kichwa chake bila kumgusa. Kama tamvua lilikuwa mkononi, ng'ombe hawakuwepo. Akiweka blanketi pembeni, hata kama ni kwa kunywa maji, alianza kutazama mlango.

Kisha kitambaa kikaisha. Duka la vitambaa la mjini lilikuwa limefungwa, kabati la kanisa lilimalizwa kabla ya Krismasi, na Ardys alisema kamati yao haitanunua kingine mpaka vuli. Kilichobaki nyumbani kwa Skaar kilikuwa blanketi moja, matrekta mekundu mbele, kijivu nyuma, nalo limeshafungwa nusu. Renae angeweza kununua kitambaa na kukituma kwa posta. Ingekuwa simu moja. Lakini kuomba kitambaa kungekuwa kueleza kilikuwa cha nini, na Renae si mjinga. Alipopiga simu Jumapili na kuuliza kama wanahitaji chochote, mama yake alisema wako sawa tu, akauliza hali ya hewa ya Madison.

Siku Orrin alipofunga fundo la mwisho alilipapasa blanketi, akaliweka kwenye sakafu, akauliza, "Ng'ombe wamekula?" Nje giza la jioni lilikuwa linaanza. Lavonne alikaa naye mlangoni, ameshika mkono wa koti lake, mpaka Orrin akachoka kuvutana. Kesho yake baada ya chakula cha mchana alichukua uma wa matango.

Mara ya kwanza aligeuka mara mbili kutazama kiti. Mara ya pili hakugeuka. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kufungua kazi ya mtu, kisha hata mshangao ukaisha. Majira ya baridi yakaenda hivyo, mume akifunga asubuhi, mke akifungua mchana, theluji ikipanda dirishani. Lavonne hakufikiri kuhusu masika. Alifikiri kuhusu fundo lililo mbele ya uma.

Na kwa kuwa Orrin hakukumbuka jana, kila asubuhi blanketi lilikuwa jipya kwake. Alikuwa mtu wa matrekta ya kijani tangu enzi za baba yake. Huku kila kampuni ya matrekta ina rangi yake, na hilo ni kama dini, pengine kuzidi dini, kwani watu wameoana Mlutheri na Mkatoliki lakini rangi ya trekta ikawashinda.

"Nani kanunua matrekta mekundu?" alikuwa akiuliza.

"Kanisa."

"Walutheri hawana haya."

"Funga, mzee wangu. Kuna mtoto anasubiri."

"Mtoto gani?"

"Wa hospitalini."

"Maskini. Anaumwa, halafu analetewa trekta jekundu."

Akafunga. Lavonne alikuwa akiyajibu hayo huku anakatakata vitunguu, bila kugeuka, kama mtu anayeitikia ibada. Wakati mwingine alijua kwamba ni kichekesho, kwamba zamani angeinamia sinki kwa kucheka, na akasubiri kicheko kije. Hakikuja.

Ila flisi si kamba ya katani. Inanyooka. Kila fundo lilipofungwa na kufunguliwa matamvua yalirefuka kidogo na kuwa membamba, yakaota vishungi kama sweta la zamani, mpaka yale yaliyokuwa urefu wa kiganja yakafika kwenye kifundo cha mkono na kupita. Ukilinyanyua blanketi yalining'inia kama tambi.

"Hizi kamba zimerefuka," Orrin akasema asubuhi moja. Alilizungusha tamvua kwenye kidole, akalivuta, akalitazama likirudi.

"Ndivyo zilivyokatwa."

"Nani kakata?"

"Ardys."

"Ardys alikuwa amelewa." Akafunga fundo, moja jepesi, akavuta kidogo, akaacha. Baadaye kidogo akamtazama mkewe. "Vidole havikuumi, mama?"

"Vya kwangu? Kwa nini viniume?"

"Basi tu," akasema, akaendelea.

Baada ya hapo, sijui Lavonne alikuwa amechoka kiasi gani, hakugundua kwamba mumewe ameacha kulalamika kuhusu matrekta mekundu. Watu waliokufa ganzi hawagundui kitu kikikoma.

Mwezi wa Machi Ardys alikuja na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, kama wanavyokuja wote wakiwa na habari mbaya. Hakukaa. Alisema binti mdogo wa akina Hegge, Signe, amekutwa na uvimbe kichwani na atapasuliwa Jumatatu. Akina Hegge ndio waliokodi mashamba ya Skaar. Signe alikuwa akija na baba yake wakati wa mavuno, anakaa kwenye ngazi za nyuma na Orrin, wanakula biskuti na kumtukana mbwa wa baba yake.

"Nimepindua kabati lote, shoga," Ardys akasema. "Hakuna hata moja. Mablanketi yote yale, na leo hakuna hata moja." Ndipo alipoliona mapajani pa Orrin. "Aa. Ahsante Mungu. Hilo hapo."

Lavonne alijua kwamba anapaswa kumhurumia mtoto. Aliitafuta ile huruma ilipokuwa ikikaa, akakuta pamefagiliwa. Kitu pekee alichokifikiri kilikuwa: kesho Orrin atafunga nini?

"Halijaisha," akasema.

Ardys alikwisha kuligeuza. "Limebaki upande mmoja. Tukikaa watatu tunamaliza sasa hivi."

"Kitambaa kibaya, Ardys. Kimechakaa."

"Limechakaaje na hata halijatumika?"

Ardys akalishika tamvua, akalinyoosha. Alikuwa mshonaji, amegusa vitambaa maisha yake yote, na alijua kitambaa kilichovutwa mara moja na kilichovutwa mara nyingi. Akatazama matamvua. Akatazama sinki, palipokuwa na uma mdogo wa matango juu ya kitambaa cha vyombo na hapakuwa na chupa ya matango popote. Kisha akamtazama rafiki yake, na kwa muda alionekana kama atasema kitu. Kwingine watu wangekumbatiana hapo. Ardys alikohoa.

"Ukinipa mkasi nitayapunguza," akasema. "Hayatajulikana."

"Ardys, siwezi kulitoa."

"Mpe," Orrin akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amekaa wima, miwani puani.

"Mzee wangu, wewe ndiye unayelifunga. Huna lingine."

"Mtoto wa Hegge anaumwa kichwa. Nimesikia, mimi si kiziwi. Leta mkasi."

Wakakaa watatu. Ardys alikata, Lavonne na Orrin walifunga kutoka ncha mbili wakielekeana. Lavonne alifunga zake kama kawaida, moja jepesi, vuta, acha. Walipokutana katikati aliona mikono ya mumewe inazungusha mara mbili na kukaza kwa kidole gumba.

"Moja tu, bwana. Umesahau? Moja jepesi."

"Lile ni la kukaa nyumbani," Orrin akasema bila kuinua kichwa. "Hili linakwenda. La kwenda halifungwi vile."

Akarudi nyuma, kwenye yale aliyoyafunga asubuhi, akayarudia moja baada ya jingine kwa fundo la katani, mpaka kingo zote zikakunjamana na blanketi likawa bakuli. Ardys alilipokea hivyohivyo, akalikunja, akamshika Lavonne kiwiko mara moja kwa nguvu, akatoka. Gari lake liliteleza kidogo kwenye lango kisha likashika barabara.

Lavonne alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha Ardys. Alihisi baridi.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Kamba zilikuwa zinarefuka, mama. Mimi nimefunga kamba maisha yangu yote."

"Sasa mbona hukusema?"

Orrin alifikiri. Uso wake ulikuwa mzuri, ule wa zamani, na Lavonne aliutazama akiogopa kupepesa macho.

"Nilikuona unazifungua," akasema. "Nilikuwa nalala jicho moja wazi. Nikasema, kumbe anapenda hivyo. Akifungua anatulia. Nikaanza kukufungia laini laini usiumie vidole." Akashusha sauti, kana kwamba kuna mtu mwingine chumbani. "Nilikuwa na hofu. Wewe ukikosa cha kufungua unaanza kutazama mlango. Nikasema siku moja atatoka barabarani, na theluji hii."

Lavonne aliutazama uma wa matango kwenye sinki.

"Lakini usijali," Orrin akasema. "Nipo."

Jioni hiyo Orrin hakutazama mlango. Alimtazama mkewe. Lavonne alipokwenda jikoni alimfuata, alipokwenda chooni alisimama nje akijitia kuweka saa sawa. Mtu asiyekumbuka jina la mwezi alikuwa amekumbuka hilo moja, kwamba mkewe hayuko sawa na anahitaji kulindwa.

Asubuhi Lavonne alipoamka kitanda kilikuwa kitupu upande wa pili, na mlango wa nyuma haukufungwa vizuri. Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, akafuata nyayo. Hazikwenda bandani. Zilikwenda moja kwa moja mpaka barabarani, na Orrin alikuwa amesimama pale kwenye sanduku la barua, amevaa buti safari hii, amevaa kofia na glovu, amejifunga vizuri kuliko alivyowahi kujifunga majira yote ya baridi. Kulikuwa kumepambazuka. Hakuna gari lililopita.

"Rudi ndani, utaugua," akamwambia Lavonne kwa ukali. "Nasubiri mtu wa maziwa anipe lifti. Namtafutia mke wangu daktari. Anafungua vitu siku nzima, hasemi na mtu, halii. Mimi peke yangu siwezi tena."

Wakarudi wameshikana mikono, Orrin akidhani ndiye anayemrudisha. Lavonne alimvua buti, akamwekea kahawa. Hakuna aliyewaona. Ungeweza kusema Orrin alikwenda kuchukua barua, na hata Renae angeamini. Lavonne alilifikiria hilo kwa muda wote ambao kahawa ilichukua kupoa. Angeweza kuchana shuka. Angeweza kukata pazia matamvua, akamwambia ni la kanisa, naye angefunga, laini laini, kwa ajili yake, mpaka mmoja wao aanguke.

Akachukua simu.

"Mama?" Renae akasema. "Mbona asubuhi hivi? Ametoka?"

"Ametoka. Alifika kwenye sanduku la barua."

"Nani alimwona?"

"Mimi."

Renae alikuwa binti wa nyumba ile na alielewa jinsi kusema hivyo kulivyomgharimu mama yake.

"Nije lini?"

"Njoo leo," Lavonne akasema. "Nimechoka, mwanangu."

Nafasi ilipatikana mwisho wa wiki. Lavonne alipanga nguo za Orrin kwenye begi la safari ambalo halikuwahi kwenda safari. Orrin alipoliona mlangoni alivaa koti la kanisani bila kuambiwa, akalibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari. Njiani alikaa nyuma na mkewe, akamshikia mkono, akamwonyesha mashamba ya watu na kusema nani analima vibaya. Renae aliendesha.

Pale kwenye nyumba ya wazee walipokelewa na dada mmoja mchangamfu mwenye jina kifuani.

"Karibuni sana. Haya, ni nani anayekaa na sisi leo?"

"Huyu hapa," Orrin akasema, akaweka mkono mgongoni kwa Lavonne na kumsogeza mbele kidogo. "Ni mke wangu. Hana tabu, binti, ila mpeni kazi ya mikono. Mkimwacha bure atatoka. Na hataomba kitu, hata akiwa anakufa, hivyo muwe mnamuuliza."

Yule dada alimtazama Renae. Renae alitazama sakafu.

"Ni kweli," Lavonne akasema. "Ndivyo nilivyo."

Wakapelekwa chumbani. Orrin alibonyeza godoro kwa ngumi, akafungua kabati akalifunga, akachungulia dirishani, akasema kuna shamba pale na udongo si mbaya. Alimkalisha Lavonne ukingoni mwa kitanda, akakaa pembeni yake, begi la nguo zake mwenyewe likiwa miguuni pao. Kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiwatulizia ng'ombe wakizaa kwa mara ya kwanza.

"Usiogope, mama. Ni kwa muda tu. Mimi nitakuwa nakuja."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata theluji ikiwepo."

Lavonne akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya binti yake na mbele ya mtu asiyemjua, jambo ambalo hakulifanya kwenye maziko ya mama yake wala siku ng'ombe walipopakiwa. Orrin alimvuta kichwa begani mwake, akawa anampapasa nywele, anamwomba msamaha kwa kumwacha pale.